Watangazaji wa zamani na wa sasa: wasikilizaji wanabishania nini hasa?

Mwaka 2025 ulikuwa mzito kwa wapenzi wa redio ya Kiswahili. Februari alifariki Leonard Mambo Mbotela, sauti ya Nairobi ambayo tangu 1966 ilikuwa ikiwauliza Wakenya, "Je, huu ni ungwana?" Mei akafuata Charles Hilary, mtu wa Radio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam, ambaye mauti yalimkuta akiwa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi Zanzibar. Misiba yote miwili iliibua kauli ileile kwenye vijiwe vya kahawa, ndani ya daladala na kwenye makundi ya WhatsApp: watangazaji wa namna hii hawapo tena. Na kila iliposemwa, hakukosekana kijana wa kujibu kwamba wazee wanalilia ujana wao, hawawalilii watangazaji.

Ubishi huu una miaka mingi na kwa kawaida huishia palepale ulipoanzia. Mimi naona kinachoukwamisha ni kimoja. Wabishi wanawalinganisha watu waliofanya kazi tofauti, katika mazingira tofauti, kisha wanadai apatikane mshindi mmoja. Tukizitenganisha hizo kazi, tutaona kwamba baadhi ya malalamiko ya wazee yana msingi kabisa na mengine hayana, na kwamba vijana nao wana jambo ambalo wazee hawapendi kulisikia.

Tuanze na Dar es Salaam. Utangazaji ulianza pale Julai 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Baadaye likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 Serikali ikalivunja, ikaanzisha Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, chini ya wizara moja kwa moja. Kuanzia hapo mpaka katikati ya miaka ya 1990, mtu wa Bara aliyetaka redio ya nyumbani alikuwa na hiyo moja tu. Zanzibar walikuwa na yao. Waliokaa karibu na mpaka wa kaskazini waliidaka Nairobi, na usiku waliokuwa na masafa mafupi walisikiliza London na Cologne.

Kuiendesha redio yenyewe ilikuwa gharama. Betri zikianza kuchoka zilianikwa juani juu ya bati au jiwe ili zipate nguvu ya siku mbili tatu, na baba mwenye nyumba ndiye aliyeamua redio iwashwe saa ngapi. Haikuwashwa kwa ajili ya kuondoa ukimya ndani ya nyumba. Iliwashwa kwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kwa mpira, kwa salamu, kwa "Mama na Mwana" ambapo watoto walikaa chini kumsubiri Deborah Mwenda awasimulie hadithi. Ukisikiliza kitu huku unahesabu uhai wa betri, hukisahau kirahisi. Hiyo ni sababu ya kwanza ya sauti zile kukaa vichwani kwa miaka 40, na haihusiani na kipaji cha mtangazaji hata kidogo.

Lakini kipaji kilikuwepo, na kilikuwa cha aina maalumu. Mtangazaji wa RTD kwa sehemu kubwa hakuchagua la kusema. Habari iliandikwa na chumba cha habari, ikapita kwa mhariri, ikamfikia ikiwa karatasi. Ufundi wake ulikuwa katika kusoma. Anayetaka kuelewa usomaji ule ulikuwa na uzito gani ayakumbuke matangazo ya vifo. Ndugu fulani wa Mwananyamala anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi kilichotokea Hospitali ya Muhimbili. Mazishi yatafanyika kijijini kwao wilayani Kyela. Habari ziwafikie kaka wa marehemu aliyeko Tunduma, dada yake aliyeko Sumbawanga, mpwa wake aliyeko Mpanda, na ukoo mzima popote walipo. Karatasi moja ilikuwa na majina ya Kinyakyusa, ya pili ya Kihaya, ya tatu ya Kimakonde, na msomaji alikuwa na dakika chache kuzimaliza zote. Simu za mkononi hazikuwepo. Msomaji akilitamka jina la kijiji ovyo, kuna mtu hatafika mazikoni. Akiharakisha, mpwa wa Mpanda hatajua kwamba anayetajwa ni mjomba wake. Utulivu ule ambao leo tunauita sauti ya dhahabu ulitokana na haja hiyo. Nchi nzima ilikuwa ikisubiri kusikia jina lake likitajwa sawasawa.

Waliopita RTD husimulia jinsi mgeni alivyokaa muda mrefu akisikiliza wenzake, akisahihishwa, kabla ya kuachiwa maikrofoni peke yake. Baraza la Kiswahili lilikuwepo tangu 1967 na redio ilikuwa na kipindi cha "Lugha ya Taifa". Kosa la mtangazaji lilikuwa na mtu wa kulijibu asubuhi yake. Ndiyo maana majina kama David Wakati, Edda Sanga, Halima Kihemba, Ahmed Kipozi, Tido Mhando na Julius Nyaisangah yanatajwa kwa pumzi moja ingawa kila mmoja alikuwa na namna yake: wote walitoka kwenye jiko moja.

Sasa, lile ambalo wazee hawapendi kulisikia. RTD ilikuwa mkono wa Serikali. Mtangazaji wake hakumhoji waziri kwa kumbana, alimpokea. Msikilizaji aliingia hewani kwa barua au kwa kadi ya salamu, akasomewa na mtu mwingine, majina yake na ya jamaa zake, basi. Hakupiga simu akalalamika kwamba zahanati haina dawa. Aliyetaka kusikia nchi yake ikikosolewa aligeuza kitufe kutafuta idhaa za nje. Na kwa kuwa kituo kilikuwa kimoja, mtangazaji aliyechosha hakukimbiwa, kwa sababu hapakuwa na pa kukimbilia. Walikuwepo wa kawaida, walikuwepo waliosoma kwa sauti bapa mwaka mzima, na hao tumewasahau. Tunapoitaja RTD tunawataja watu 10 au 15 bora waliopatikana ndani ya miaka 30, kisha tunawalinganisha na kijana yeyote tuliyemkuta hewani leo saa nane mchana. Ulinganisho wa namna hiyo mzee atashinda kila mara.

Mambo yalibadilika kwa Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, iliyofungua mlango kwa watu binafsi. Radio One ilianza 1994, Radio Free Africa ikaja Mwanza, Clouds FM ikaingia mwishoni mwa muongo huo. Hapa pana jambo ambalo ubishi wa vijiweni hulisahau. Watu waliozipa redio mpya heshima ya mwanzo walikuwa ni walewale wa RTD. Charles Hilary alihamia Radio One. Nyaisangah, Uncle J wa wengi, naye akahamia huko, na mwaka 2013 alipofariki alikuwa Morogoro, kwenye vyombo vya Abood. Palepale Radio One kijana kama Mike Mhagama akawa anapiga muziki wa rapu wa Kiswahili ambao redio ya taifa haikuupa nafasi, na mara nyingi jina la Bongo Fleva huhusishwa naye. Kwa hiyo zamani na sasa havikutenganishwa na ukuta. Kwa karibu miaka 10 vilikaa studio moja, mzee akifundisha, kijana akileta muziki na misemo ya mtaani. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipindi kitamu kuliko vyote katika redio ya Tanzania, na hakitajwi inavyostahili.

Kilichofuata ni kwamba vituo viliongezeka kuliko walimu. Leo redio zenye leseni nchini ni zaidi ya 200. Kazi yenyewe nayo imekuwa nyingine. Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi au cha jioni haletewi karatasi. Yeye ndiye anayezua mada, anayepokea simu, anayesoma meseji, anayemtania mwenzake ili gari la msikilizaji lililokwama kwenye foleni lisiwe kaburi la usingizi, anayemtaja mdhamini kila baada ya muda, na siku hizi anafanya yote hayo huku kamera inarusha picha mtandaoni. Anazungumza saa tatu mfululizo bila maandishi. Kumpima huyu kwa kipimo cha msomaji wa taarifa ya habari ya mwaka 1978 ni kumwonea, na ni kuuonea pia ufundi wake, kwa sababu kuongea saa tatu bila kuchosha ni kazi ngumu ambayo wengi wa wale wa zamani hawakuwahi kupewa.

Ushahidi kwamba inaweza kufanywa vizuri tunao. Ephraim Kibonde na Gardner Habash, watu wa kipindi cha "Jahazi" cha Clouds FM, walikuwa wenzi wa jioni wa waliokuwa wakirudi nyumbani kwenye foleni za Dar. Kibonde alipofariki Machi 2019, na Gardner Aprili 2024, watu wa rika la miaka 30 na 40 waliomboleza kwa maneno yaleyale ambayo baba zao waliyatumia kwa watangazaji wa RTD: hawatapatikana tena wengine. Watangazaji hao hao, walipoanza, walisemwa na wazee kuwa wapiga soga. Hapa hoja ya vijana inapata nguvu. Sehemu ya heshima tunayowapa watangazaji inatokana na umri tuliokuwa nao tulipowasikia, na kila rika litakuwa na wazee wake wa redio.

Hata hivyo sikubali kwamba yote ni kumbukumbu za ujana. Yapo malalamiko ambayo ukiyakagua unayakuta yana ushahidi.

La lugha, kwanza. Msikilizaji hakasiriki kwa sababu mtangazaji ana lafudhi ya kwao. Mbotela alikuwa na ya kwake, Hilary alikuwa na ya Unguja. Anakasirika akisikia r na l zikibadilishana ndani ya taarifa ya habari, akisikia sentensi ikianza kwa Kiswahili ikamalizikia kwa Kiingereza ambacho bibi anayesikiliza akiwa Rufiji hakifahamu. Mtangazaji wa kipindi cha muziki wa vijana ana ruhusa yake ya kusema kimtaani, na mimi simnyimi. Msomaji wa habari hana ruhusa hiyo. Tatizo ni kwamba kwenye vituo vingi vidogo huyo ni mtu mmoja, anatoka kwenye muziki saa sita kasoro dakika moja na kuingia kwenye habari saa sita kamili bila kubadilisha mdomo.

La pili ni maandalizi, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mwandishi anaalikwa kuzungumzia kitabu, anakuta mwenyeji wake hajafungua hata ukurasa. Mwanamuziki mkongwe anaulizwa, "Tuambie historia yako kwa ufupi," na dakika 20 zinaisha katika kutaja tarehe ambazo zingeweza kusomwa kabla. Msikilizaji hutambua haraka sana. Masoud Masoud amejijengea jina TBC, shirika la taifa lililoirithi RTD, kwa kinyume cha hilo: anajua wimbo ulirekodiwa na nani, nani alipiga solo, bendi ilivunjika lini. Haijalishi tumwite wa zamani au wa sasa; anasikilizwa kwa sababu amefanya kazi kabla ya taa nyekundu ya studio kuwaka.

La tatu ni staha. Septemba 2020 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliifungia Wasafi FM kwa siku 7 kwa ajili ya lugha isiyofaa kwenye vipindi vyake. Nchini Kenya, Machi 2021, watangazaji watatu wa Homeboyz Radio walipoteza kazi baada ya kumlaumu hewani mwanamke aliyekuwa amesukumwa kutoka ghorofani. Katika tukio hilo la Kenya wasikilizaji walikuwa wa kwanza kupaza sauti, mdhamini mkubwa akajiondoa, kisha ndipo mamlaka ikachukua hatua. Wanaosema wasikilizaji wa leo wanapenda upuuzi walitazame tukio hilo tena.

Kuna malalamiko mengine siyapi uzito mkubwa. Kwamba watangazaji wa sasa wanacheka sana: wanacheka kwa sababu wako wawili au watatu mezani, wale wa zamani alikuwa mmoja na karatasi yake. Kwamba wanahama vituo kama wachezaji, mpaka uhamisho wao unaitwa usajili: Maulid Kitenge ametoka Radio One akaenda EFM, kisha Wasafi, na mashabiki wakamfuata kila alipokwenda. Sioni ubaya. Mtangazaji wa RTD asingeweza kuhama kwa sababu pa kuhamia hapakuwepo, na mshahara wake ulikuwa wa serikali.

Ukitaka ulinganisho ulio wa haki, upo mmoja: mpira wa redioni. Hapo kazi ni ileile, uwanja ni uleule, Simba na Yanga ni walewale. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4–0 na Mufulira Wanderers hapa nyumbani, kisha ikaenda Lusaka ikashinda 5–0. Mwaka huohuo bao la Peter Tino kule Ndola liliipa Taifa Stars sare ya 1–1 na Zambia, na safari ya Lagos 1980. Bara haikuwa na televisheni. Kwa Watanzania karibu wote mabao hayo yalikuwa maneno tu. Mtangazaji alianza kwa kukupangia uwanja: timu hii inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako, jezi zao ni za rangi hii, upepo unavuma kuelekea lango lile. Baada ya hapo kila pasi ilikuwa na mwenye kuitoa, mwenye kuipokea na mahali. Mpira ukitoka nje uliambiwa umetokea upande gani, na nani anaenda kuurusha. Mtu aliyekaa Newala na kiredio chake cha mkulima aliweza kukuchorea bao mchangani. Ahmed Jongo anakumbukwa na waliomsikia kwa sababu hiyo: alikuwa akiona kwa niaba yao.

Sikiliza mechi redioni leo. Utasikia msisimko, utani kwa mashabiki, tathmini ya kocha, majina ya wadhamini, kisha ghafla "Gooo!" bila kujua mpira ulifikaje pale. Chanzo ni televisheni. Tangu Azam ianze kuonyesha Ligi Kuu mwaka 2013, vijana wengi wamejifunza kutangaza kutoka kwa watangazaji wa televisheni, ambao hawana haja ya kusema mpira uko wapi kwa kuwa unaonekana. Mtindo huo ukiuhamishia redioni, asiyeona anaachwa gizani. Hapa nasema bila kusita kwamba wa zamani walikuwa bora, na wasikilizaji wanaolalamika wako sahihi. TBC Taifa bado ina wanaoshika mtindo wa zamani, na dereva wa lori aliye njiani Jumapili jioni anajua tofauti yake.

Redio za wilayani zina hesabu nyingine kabisa. Pangani FM, Sengerema FM, Pambazuko FM ya Ifakara, Orkonerei kule Terrat: huko mtangazaji si sauti ya mbali. Akikosea bei ya dagaa asubuhi, mchana anakutana na mwenye dagaa sokoni. Matangazo ya vifo, ng'ombe waliopotea, mkutano wa kijiji, salamu, vyote vilivyoifanya RTD ipendwe vimehamia kwao. Maoni ya wasikilizaji wa redio hizi hayafanani na ya mjini. Hawaulizi kama sauti ni ya dhahabu. Wanauliza kama huyu kijana anaifahamu mitaa yetu, anawapa nafasi watu wa kata ya pembeni, anatusomea tangazo letu kwa wakati. Shida yao ni kwamba wengi wa watangazaji hao ni wa kujitolea au wa posho ndogo. Akishakomaa anachukuliwa na kituo cha mkoa, cha mkoa wanampoteza kwa Dar, na wilaya inaanza upya na mwingine asiye na wa kumfundisha. Kuporomoka kwa malezi ya kazi, ambako wasikilizaji wa Dar wanakusikia kama makosa ya r na l, kunaanzia huku.

Lipo na suala la ushahidi. Vipindi vingi vya zamani vilienda hewani moja kwa moja na kupotea. Kanda zilizobaki kwenye maktaba ya redio ya taifa ni za muziki na hotuba zaidi kuliko za soga za kila siku. Makosa ya watangazaji wa zamani hayana rekodi. Ya kijana wa leo yamekatwa vipande vya sekunde 30 na kusambazwa kabla hajatoka studio. Tunawahukumu wa kwanza kwa kumbukumbu na wa pili kwa kanda.

Je, sheria itatusaidia? Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zimeweka stashahada kuwa elimu ya chini ya mwandishi wa habari, na sasa ipo Bodi ya Ithibati, ambayo uenyekiti wake wa kwanza alipewa Tido Mhando, mtu aliyeanza RTD, akaongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC na baadaye TBC. Nafurahi kwamba kiti hicho alipewa mtu anayejua taa nyekundu ikiwaka inakuwaje. Ila nikiyarudia malalamiko ya wasikilizaji, sioni moja linalodai cheti. Wanadai mhariri anayesahihisha, mwandalizi anayesoma kitabu kabla ya mgeni kufika, na mtangazaji wa mpira anayesema mpira uko wapi. Hayo yanapangwa na mwenye kituo, kwa mshahara na kwa muda wa kufundisha.

Na msikilizaji ana njia yake zaidi ya kunung'unika kijiweni. Anaweza kukiandikia kituo, na asiporidhika akalifikisha lalamiko kwenye Kamati ya Maudhui ya TCRA. Lalamiko lenye jina la kipindi, tarehe, saa na maneno yaliyosemwa hupokelewa kwa uzito kuliko kauli ya jumla kwamba redio zimeharibika. Na barua ya kumsifu mtangazaji kijana aliyefanya vizuri nayo iandikwe vivyo hivyo, kwa tarehe na saa, imfikie bosi wake, kwa sababu hivyo ndivyo kituo kinavyojua nani wa kumwongezea mshahara asihame.